Kilichoungua Si Kilichokosa

Katika kazi zote za mikono, hapana iliyo karibu na kazi ya kadhi kama kazi ya fundi wa redio. Kadhi huletewa watu wawili wanaopingana, naye hana budi kuamua nani mwenye haki. Fundi huletewa sanduku moja lililonyamaza, na ndani yake mna vipande vingi, kila kimoja chaweza kutuhumiwa. Kadhi akihukumu kabla ya kusikia ushahidi, asiye na hatia huumia na mkosaji huenda zake. Fundi akihukumu kabla ya kupima, kipande kizima hung'olewa, kibovu husalia mahali pake, na fedha ya mwenye redio hupotea. Tofauti yao ni moja: mtu aliyedhulumiwa hulia, lakini kipande cha redio hakina machozi. Kwa hiyo dhuluma ya fundi yaweza kukaa miaka mingi bila ya kujulikana, ila na fundi mwenyewe.

Jambo hili lastahili kufikiriwa, kwa kuwa kazi ya kutafuta hitilafu ni shule ya akili ambayo wachache huihesabu kuwa shule. Haina madawati wala shahada. Mwalimu wake ni kitu kisichosema, na kitabu chake aghalabu kimekwisha potea pamoja na karatasi ya mchoro iliyobandikwa na watengenezaji ndani ya kifuniko. Walakini ahitimuye katika shule hiyo hupata jambo ambalo vitabu vingi hulitaja na vichache hulifundisha: kuuzuia ulimi usimtaje mkosaji mpaka ushahidi umtaje.

Kisiwa cha Pemba ni mahali pafaapo sana pa kulitazamia jambo hili. Kiko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Unguja, nacho ni kisiwa cha vilima, mabonde na mvua nyingi. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani. Hewa yake ya joto na unyevu huilea mikarafuu ikastawi; lakini hewa hiyo hiyo ni adui wa shaba, chuma na karatasi. Kusi ikivuma huleta chumvi ya bahari, na kaskazi ikivuma huileta vile vile. Chumvi ikikutana na unyevu juu ya shaba, hufanya kutu ya kijani. Ikikutana nao juu ya chuma, hufanya kutu nyekundu. Na unyevu ukipenya katika karatasi iliyotiwa nta, huiharibu polepole bila ya kuibadili sura. Juu ya hayo wako wageni wasioalikwa. Sisimizi hupenda joto la sanduku, nyigu hujenga kwa udongo nyuma ya spika, na mjusi aliyefia kati ya nyaya mbili huziunganisha kwa maiti yake. Redio nyingi zilizoundwa Uholanzi, Ujerumani au Uingereza kwa ajili ya sebule kavu, zilipofika Wete, Chake Chake na Mkoani ziliingia katika maisha ambayo walioziunda hawakuyadhani.

Na kunyamaza kwa redio kisiwani hakukuwa jambo dogo. Bahari huifanya habari isubiri chombo, na chombo husubiri upepo. Redio ndiyo iliyoiondolea habari minyororo hiyo miwili. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mwaka 1954 Kairo nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na tarehe 27 Juni 1957 ikaanza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London. Mtu wa Pemba aliyekaa barazani jioni aliweza kuipitia miji mitatu kwa kuzungusha vidole viwili. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ilipopinduliwa Unguja, mapinduzi yalitangazwa kwa redio, na walio ng'ambo ya bahari waliyasikia kwa masikio kabla ya kuona kitu chochote kwa macho. Katika siku zilizo tulivu, redio ilileta kisomo cha Kurani, taarabu, mashairi na tanzia. Nyumba ambayo redio yake imenyamaza ilikuwa nyumba iliyozibwa dirisha moja.

Redio hizo zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilitumia valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, vyenye uzi uwakao ndani mfano wa taa ndogo. Mjini, palipokuwa na umeme wa mitambo ya dizeli, redio ya valvu ililishwa kwa waya wa nyumba. Shamba ililishwa kwa betri kavu, moja ya volti 1.5 ya kuwashia uzi, na nyingine ya volti 90 ya kuendeshea kazi. Namna ya pili ni redio za transista. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, na redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilitoka huko huko mwaka 1954. Redio hizi zilitosheka na betri za tochi, zikaenda mpaka kondeni na dagoni. Maradhi ya namna mbili hizi hayafanani. Redio ya valvu huugua kwa joto na kwa wingi wa volti. Redio ya transista mara nyingi huugua kwa betri iliyosahauliwa ndani hata ikavuja, maji yake yakazila springi na nyaya. Lakini njia ya kuyatafuta maradhi ni moja.

Ili njia hiyo ifahamike, yafaa kuijua safari ya sauti ndani ya redio. Mawimbi hunaswa na waya wa erio, nayo huwa dhaifu mno. Sehemu ya kwanza huyachagua yatakiwayo na kuyageuza yawe ya masafa ya kati, ambayo katika redio nyingi ni kilohezi 455 au karibu yake. Sehemu ya pili huyakuza. Sehemu ya tatu huyavua sauti iliyobebwa, kama mchukuzi atuliwaye mzigo. Sehemu ya nne huikuza sauti hiyo kidogo, na sehemu ya tano huipa nguvu za kuisukuma spika. Kando ya hizo tano iko sehemu ya sita, ambayo haigusi sauti bali huwalisha wenzake wote umeme. Mfano wake ni safu ya watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani hata jikoni, na mpishi mmoja anayewapa wote chakula.

Ikiwa maji hayafiki jikoni, mjinga humpiga mtu wa mwisho, kwa kuwa ndiye aonekanaye mikono mitupu. Mwenye haraka huwahoji wote mmoja mmoja, akaanza kisimani na kumaliza magharibi. Mwenye akili kwanza hutazama kama watu wamekula. Kisha huenda moja kwa moja katikati ya safu, akampa mtu wa kati ndoo iliyojaa. Ndoo hiyo ikifika jikoni, amejua kwa swali moja kwamba nusu ya pili haina hatia, na mkosaji yuko nusu ya kwanza. Huigawa nusu hiyo tena kwa mbili, na tena, mpaka mtu mmoja akabaki. Fundi wa redio hufanya vivyo hivyo. Akiisha kupima umeme wa kulisha, huigusa kwa ncha ya bisibisi sehemu ya kati, pale kwenye kitufe cha kuongezea sauti. Spika ikivuma, nusu ya nyuma ni nzima, naye hurudi upande wa erio. Spika ikinyamaza, huelekea upande wa spika. Hajafungua wala kung'oa kitu, na tayari amekwisha waachia huru nusu ya watuhumiwa.

Lakini kabla ya bisibisi kuna mambo mawili ambayo mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa mwanzo. La kwanza ni kuisikiliza redio kabla ya kuifungua, na kumsikiliza mwenyewe kabla ya kuisikiliza redio. Ilinyamaza ghafula au ilififia? Ilinyamaza siku ya radi? Ilitoa harufu? Je, ilifunguliwa na mtu mwingine? Kuna kunyamaza kwa namna nyingi. Redio isiyowaka hata taa ya kioo imekosa chakula. Redio iwakayo na kuvuma mfululizo imechoka kapasita zake kubwa za kusafisha umeme. Redio ikwaruzayo kila kitufe kinapozungushwa ina vumbi na kutu tu, nayo yataka kufutwa, haitaki kukatwa. Mwenyewe aghalabu hajui jina la ugonjwa, lakini historia yake anayo yeye peke yake.

La pili ni kuogopa. Ndani ya redio ya valvu iliyounganishwa na umeme wa nyumba mna volti 250 na zaidi, nazo haziondoki pindi swichi izimwapo. Kapasita kubwa huweza kuzishika muda mrefu, mfano wa nyoka aliyekatwa kichwa ambaye bado aweza kuuma. Kwa hiyo fundi mwangalifu huimwaga nguvu ya kapasita kwa kupitisha katika rezista kabla ya kutia vidole, na apimapo redio iwakayo hutumia mkono mmoja, na mkono wa pili huutia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Desturi hiyo ya mkono mfukoni ina adabu yake: mwenye kutafuta ukweli na asiwe na pupa ya mikono miwili.

Sasa na utazamwe mfano mmoja, ambao hutokea kwa sura hii hii kila zilipotumika redio za valvu. Ilikuwa Wete, miaka ya mwanzo ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini, bei ya karafuu katika masoko ya dunia ilikuwa ikianguka kwa kuwa Indonesia, mnunuzi mkubwa wa zamani, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa karafuu zake, na valvu moja ya redio ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Bibi mmoja, mjane, alifika kibarazani pa fundi pamoja na mjukuu wake aliyejitwika redio ya mezani yenye sanduku la mbao.

"Shikamoo, Bibi," alisema fundi, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Wajihi gani?"

"Njema, Bibi. Karibu kitako."

Bibi aliketi, akavuta pumzi. "Redio hii ya marehemu babu yao," alisema. "Imekwisha tiwa valvu mpya mara mbili. Ya kwanza ilidumu miezi miwili. Ya pili haikumaliza wiki tatu. Mafundi wawili wameniambia kuwa valvu za siku hizi ni mbovu. Nawe ukiwa utaniambia hivyo, mwanangu, niambie sasa, nisiuze tena."

"Uliuza nini, Bibi?"

"Mara ya kwanza karafuu zangu za vuli. Mara ya pili mbuzi."

Fundi hakuitazama redio. Aliuliza ilianzaje. Bibi akaeleza kuwa kabla ya yote, marehemu alipokuwa hai, sauti ilianza kuwa nzito na ya kukoroma baada ya redio kuwaka kwa nusu saa. Kisha ikaja harufu ya joto. Kisha fundi wa kwanza akaitwa.

"Bado sijui ugonjwa wake, Bibi," alisema fundi. "Niachie siku tatu. Nikiujua nitakwambia, na nisipoujua nitakwambia."

Alipoondoka, kijana aliyekuwa akijifunza kazi aliifungua redio, akaiona valvu ya mwisho, ile ya kuisukuma spika, kioo chake kimefanya weusi. "Fundi," alisema, "hii si imekufa? Tutafute nyingine."

"Imekufa," alijibu fundi. "Lakini mimi sikuuliza nani amekufa. Nauliza nani ameua."

Aliichukua valvu ya namna ile ile kutoka katika redio mbovu aliyoihifadhi, akaitia, akaweka mita kwenye kathodi yake. Valvu ya namna hiyo ifanyapo kazi sawasawa, mita husoma pale volti 7 na kidogo. Ilisoma 12, na ikaendelea kupanda. Akazima upesi. Maana yake ni kuwa valvu ilikuwa ikinywa mkondo mwingi kuliko kipimo chake, kama mtu anayelazimishwa kukimbia akiwa amebeba gunia. Watuhumiwa wakabaki wawili. Ama valvu yenyewe imeingiwa na hewa, ama kuna kitu kinachoipa gridi yake volti isizostahili kuwa nazo.

Gridi ni kijivazi cha nyuzi ndani ya valvu, nayo ndiyo mlango wa kuzuia na kuachia mkondo. Mlango huo hufunguliwa na kufungwa na sauti itokayo sehemu ya nne. Kati ya sehemu ya nne na gridi hiyo huwekwa kapasita ndogo, isiyozidi ukubwa wa kidole, ambayo kazi yake ni ya bawabu: huupitisha mkondo geu, ambao ndio sauti, na huuzuia mkondo mnyoofu wa volti nyingi ulio nyuma yake. Katika redio za zamani bawabu huyu hutengenezwa kwa karatasi na nta. Unyevu ukimwingia, huanza kusinzia. Hafungui mlango wazi. Huacha ufa tu. Kwa ufa huo volti mbili au tatu hupenya kila dakika redio iwakapo, gridi hushindwa kuzuia, na valvu hukimbizwa mpaka ikaungua. Akitiwa mgeni mpya katika nafasi ya aliyeungua, naye hukimbizwa vile vile. Na bawabu yuko pale, sura yake haina alama, hana moshi wala weusi.

Fundi alikata mguu mmoja tu wa kapasita hiyo, akawasha. Mita ilirudi 7, ikatulia. Kijana akafurahi, akanyosha mkono kuchukua kapasita nyingine. Fundi akamzuia. Aliurudishia mguu ule ule mahali pake, akawasha tena. Mita ikapanda 12. Akaukata mara ya pili, ikashuka 7. Ndipo aliposema, "Sasa ametajwa." Kwa maana si ushahidi kamili kosa kuondoka mtuhumiwa anapoondolewa, huenda limeondoka kwa sababu nyingine, au kwa kutikiswa tu. Ushahidi hukamilika kosa linaporudi mtuhumiwa anaporudishwa.

Aliweka kapasita ya plastiki aliyoipima kwanza, iliyotoka katika televisheni mbovu. Kwa kuwa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, mabaki ya namna hiyo yaliweza kupatikana. Akaipima rezista ya kathodi, isije ikawa imebadilika kwa joto la miezi yote ile. Kisha akafanya jambo moja ambalo hakuombwa. Mjukuu alikuwa ameleta mfuko wa kitambaa uliohifadhiwa pamoja na redio, na ndani yake mlikuwa na valvu ya kwanza kabisa, ile ya asili, iliyong'olewa na fundi wa kwanza. Bibi hakuitupa, kwa kuwa alikuwa hatupi kitu cha marehemu. Fundi aliitia mahali pake pa zamani. Ikawaka. Sauti ilitoka, pungufu kidogo kuliko ya valvu mpya, lakini safi.

Siku ya tatu Bibi alielezwa yote. Alikaa kimya kitambo.

"Basi hii ya mwanzo haikuwa na kosa?"

"Haikuwa na kosa, Bibi."

"Na wale walioing'oa?"

"Waliona moshi, wakamkamata aliye karibu na moshi."

"Mbuzi wangu harudi," alisema Bibi.

"Harudi, Bibi."

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mafundi wawili wa kwanza hawakuwa wezi. Kila mmoja aliona kilichoungua, akakibadilisha, redio ikasema, akapokea ujira wake kwa dhamiri safi. Redio kusema siku ile iliwahakikishia kuwa wamepata, ilhali hawakupata ila dalili. Kosa lao lilikuwa ni kudhani kwamba aliyeumia na aliyekosa ni mmoja. Thamani ya kosa hilo ilikuwa karafuu za msimu mmoja na mbuzi mmoja, nayo haikulipwa na waliokosa.

Wala jambo hili si la redio tu, wala si la Pemba peke yake. Katika mji wa Chicago, Marekani, zilitengenezwa kwa miaka mingi mashine za mchezo wa gololi, zitiwazo sarafu, ambazo mchezaji huipiga gololi ya chuma kwa vikono viwili vidogo ili isianguke shimoni. Vikono hivyo vilianza mwaka 1947 katika mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Leo wako watu wengi wanaozitengeneza mashine hizo za zamani, nao hukutana na mtihani ule ule. Katika nyingi ya mashine hizo, kila kikono huvutwa na koili yenye nyuzi za namna mbili, moja ya nguvu nyingi ya kukiinua kikono, na nyingine ya nguvu kidogo ya kukishikilia juu. Kikono kifikapo mwisho wa mwendo wake, huisukuma swichi ndogo ambayo huikata ile nguvu kubwa, ili koili isipate joto. Swichi hiyo ikichafuka au ikipinda hata isikate, koili huendelea kupokea nguvu kubwa kila mchezaji ashikapo kitufe, nayo huungua. Asiyejua huibadilisha koili. Ya pili nayo huungua. Mkosaji ni kipande kidogo cha bati ambacho hakikupata hata moto. Chicago na Wete zimetengwa na bahari mbili, lakini ujanja wa hitilafu ni mmoja: hujificha penye baridi, na kumwacha mwenzake penye moto.

Iko hitilafu nyingine iliyo ngumu kuliko hiyo, nayo ni ile ijayo na kuondoka. Redio hunyamaza nyumbani, husema kwa fundi. Ikirudishwa nyumbani hunyamaza tena. Mara nyingi chanzo chake ni lehemu iliyopasuka ufa usioonekana, au mguu wa valvu uliolegea katika soketi yake kwa kutu, na joto likiongezeka ufa hufunguka. Fundi hawezi kuikamata kwa nguvu. Huigonga mahali mbalimbali polepole kwa kijiti kikavu, huipasha joto sehemu moja na kuiacha nyingine, na husubiri. Hii ni kama shahidi ambaye mbele ya baraza husema uongo na nyuma ya baraza husema kweli. Dawa yake ni kukaa naye mpaka ajisahau. Na mwenye redio akiambiwa, "Bado haijaonyesha ugonjwa wake, iache," hudhani fundi ni mvivu. Kumbe uvivu ungemwambia fundi abadilishe chochote apate ujira.

Kwa nini basi watu wengi, wenye akili timamu, hupenda kuhukumu upesi? Sababu ni kwamba kutojua ni mzigo, na mtu hutafuta mahali popote pa kuutua. Asiyejua sababu hutafuta mtu. Chombo kikizama hulaumiwa nahodha kabla ya kuitazama mbao iliyooza. Mtoto akianguka mtihani hulaumiwa ubongo wake kabla ya kutazamwa macho yake. Nyumba ikipatwa na maradhi, jirani hutazamwa kwa jicho baya kabla ya kisima kutazamwa. Hukumu ya namna hiyo huleta utulivu kwa siku chache, kama valvu mpya iletavyo sauti kwa wiki tatu. Kisha maradhi hurudi, na mwingine hutafutwa wa kung'olewa.

Dawa ya hukumu ya namna hiyo ni desturi. Fundi mwema si kwamba ana moyo mwema kuliko wenzake. Ana kawaida ambazo humlazimisha kuwa mwadilifu hata siku ambayo hataki. Huuliza historia kabla ya kufungua. Huigawa njia kabla ya kuchagua mahali. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kwa maana abadilishaye vitatu pamoja huenda akaponya redio lakini hatajua alichokiponya. Huhifadhi kilichong'olewa mpaka kesi iishe, kwa kuwa huenda kikarudishwa. Na hukubali kusema "sijui" kwa sauti ile ile asemayo "najua."

Nyakati zimebadilika. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa umeme upitao chini ya bahari, na kisiwa kikaacha kutegemea mitambo yake ya dizeli. Redio za valvu zimekuwa chache, na nyingi katika hizo zimekuwa mapambo ya kabati. Vyombo vya sasa vimesongamanishwa katika bamba moja dogo, ambalo vipande vyake havionekani ila kwa kioo cha kukuzia, na mara nyingi bamba zima hutupwa na kutiwa jipya. Kuna faida katika hilo: saa za fundi zimekuwa ghali, na bamba limekuwa rahisi. Lakini iko hasara isiyoandikwa katika hesabu. Atupaye bamba zima amewafunga kijiji kizima kwa kosa la mtu mmoja, na hakupata hata kumjua mtu huyo. Kijana afanyaye kazi hiyo miaka kumi huweza kuwa na mikono myepesi sana, na asiwe amewahi hata mara moja kumsikia mkosaji akitajwa na ushahidi.

Na chumvi ya Pemba haikubadilika. Inakula simu leo kama ilivyokula redio jana, na ufa ambao unyevu huupenya ni ule ule, ila umekuwa mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo, wako bado katika visiwa na pwani watu wanaoinamisha vichwa juu ya kitu kilichonyamaza, mkono mmoja kazini na mmoja mfukoni, wakiuliza swali moja baada ya jingine. Elimu yao haikuzuiliwa na kuta za duka lao. Hakimu, tabibu, mwalimu na mzazi wote huletewa kila siku kitu kilichoungua, na kila mmoja wao huambiwa na haraka yake kwamba hicho ndicho kilichokosa. Mwenye kungoja mpaka mita imtajie, huokoa kilicho kizima. Na mara nyingi kilicho kizima ndicho kilichokuwa kimekwisha wekwa mfukoni tayari kutupwa.